Elia chini ya muti: Somo juu ya watoto wetu wa sekondari waliolemewa moyoni

Kusoma mbele ya somo: 1 Wafalme 18 na 19, Hesabu 11, 10-15, 2 Wafalme 20, 1-7.



Kila mwaka, wakati Mutihani wa Serikali unapokaribia, ule tunaouita Examen d'État, vijana wanafika kanisani na kalamu zao ili tuwaombee. Tunawaombea, tunawapa maji ya Nkamba, tunawatakia heri, wanaenda. Ni jambo zuri. Lakini wako vijana wengine ambao hawafiki. Wako nyumbani, wamelala uso ukitazama ukuta, na sisi wazazi tunasema ni uvivu, ao ni kiburi, ao ni roho mubaya. Somo letu ni juu ya hao.

I. ELIA ALIKUWA NANI SIKU ILE

Sisi wote tunapenda sura ya 18 ya kitabu cha kwanza cha Wafalme. Elia anasimama peke yake mbele ya manabii wa Baali kule Karmeli, moto unashuka, watu wanaanguka chini. Tunahubiri sura hiyo mara nyingi. Lakini tukifungua ukurasa unaofuata, tunamukuta mutu yule yule akikimbia. Malkia Yezebeli ametuma neno la kumutisha. Elia anamuacha mutumishi wake njiani, anaenda peke yake jangwani safari ya siku nzima, anaketi chini ya muti, anamwomba Mungu achukue roho yake. Kiisha analala.

Tuangalie vizuri: aliyesema maneno hayo hakuwa mutu asiyeamini. Ni nabii, tena aliyetoka kushinda. Na hakuwa peke yake katika Maandiko. Musa aliomba vilevile wakati mzigo wa watu ulipomuzidi (Hesabu 11). Yobu aliilaani siku aliyozaliwa (Yobu 3). Yeremia vilevile (Yeremia 20). Yona naye aliomba kufa (Yona 4). Hao ni watumishi watano wa Mungu. Basi mutu asituambie kwamba mutoto akisema amechoka na maisha, ni alama ya kukosa imani. Kama ni hivyo, itatupasa tuwaondoe hawa watano ndani ya Biblia.

II. MIZIGO YA MWANAFUNZI WA MUJI

Wazazi wengi tunasema: «Sisi tulisoma katika taabu kupita wao, na hatukulalamika.» Labda ni kweli. Lakini tuhesabu mizigo yao kwanza.

Mutoto wa sekondari katika muji wetu wa Lubumbashi, pale Katuba, Kenya, Ruashi ao Kampemba, anaamka mapema kuchota maji. Anaenda masomoni kwa miguu, mara nyingi bila kula kitu. Tangu mwaka wa 2019 Serikali ilitangaza kwamba masomo ya musingi ni ya bure, lakini kwa sekondari wazazi wengi wanaendelea kutafuta feza. Mutoto anasimamishwa mbele ya wenzake, jina lake linasomwa, anarudishwa nyumbani. Akifika nyumbani, baba anakasirika kama vile ni yeye mutoto aliyekula feza hiyo. Usiku anangojea umeme urudi ili asome. Ukirudi ni saa sita ya usiku, na chumba kimoja wamelala watoto watano.

Halafu kuna ule mutihani wenyewe. Tangu mwaka wa 1967 kila kijana anayemaliza sekondari katika inchi yetu anapita katika mulango huo, na anatakiwa apate 50 kwa mia. Siku matokeo yanatoka, waliopita wanamwangiwa puderi nyeupe kichwani, wanatembea njiani na kelele, muji wote unajua. Yule aliyeanguka anajificha. Hata mbele ya mutihani amekwisha kuona siku hiyo akilini mwake, yeye hana puderi, na baba yake anawaambia majirani ginsi alivyopoteza feza yake.

Na kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu mambo yamezidi. Miji hiyo ilichukuliwa na M23 katika mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka wa 2025. Mutoto aliyesikia masasi na kuona maiti njiani anaweza kukaa darasani huku akili yake imebaki kule barabarani.

Wale wanaochunguza magonjwa wanasema kwamba karibu nusu ya magonjwa ya akili huanza mbele ya miaka 18. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linaonyesha kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya kufa kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 duniani. Si jambo la Wazungu tu, vile tunavyopenda kusema. Hesabu hiyo ni ya watu wote.

III. KOSA LANGU MIMI SHEMASI

Ningependa kupita juu ya sehemu hii, lakini somo litakuwa la uongo nikiificha.

Binti yangu alikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Mutoto wa filimbi kanisani, mwenye kucheka. Kidogo kidogo aliacha filimbi. Aliacha kula; anavunja kipande cha bukari, anakirudisha kwenye sahani. Usiku hakulala, asubuhi hakuweza kuamka. Siku moja nilipomukaripia juu ya masomo, alinijibu kwa sauti ya chini: «Papa, kama nisingekuwako, ile feza ingewasaidia wadogo.»

Mimi nilisikia zarau. Nilimwambia apige magoti aombe musamaha.

Nyuma ya siku chache, hali ilipozidi, nilimupeleka kwa kikundi kimoja cha maombi katika mutaa, si cha kanisa letu. Walimufungisha siku tatu bila kula, mutoto aliyekuwa amekwisha kukonda. Siku ya tatu wakaniambia kwamba kuna mukono wa mutu wa jamaa, mwanamuke muzee. Nilielewa wanamusema nani. Nkambo yake, mama yangu mwenye alinizaa. Na mimi, shemasi wa kanisa, niliamini. Nilirudi nyumbani nikamukataza mama yangu asifike tena kwangu.

Mutoto hakupona. Aliyemuokoa ni mama yake. Usiku mumoja aliketi naye juu ya mukeka, taa imezimwa, hakuhubiri. Alimuuliza waziwazi: «Mwanangu, unawaza kufa?» Mutoto alinyamaza sana, kiisha akaanza kulia, akasema ndiyo, tangu miezi miwili. Mama yake hakupiga kelele. Alimushika mpaka asubuhi. Dawa zote na sumu ya panya iliyokuwa nyumbani alizitoa, akazipeleka kwa jirani. Asubuhi tulienda kwenye kituo cha afya, munganga akatutuma kwa waganga wa magonjwa ya akili. Walituambia ni ugonjwa wa huzuni kubwa, unaoitwa depresioni, unajulikana, una matunzo.

Walimupa dawa, na kila juma alienda kuzungumuza nao. Ilichukua miezi mingi. Hakufanya mutihani mwaka ule. Aliufanya mwaka uliofuata. Alipata ngapi kwa mia, sitaandika hapa, kwa sababu ile kuuliza «ngapi kwa mia» kila siku ndiyo iliyokuwa sehemu ya mzigo wake.

Kwa mama yangu nilienda kupiga magoti. Alinisamehe. Lakini zamani alikuwa anafika kwangu bila kuitwa, na sasa anangoja aitwe.

IV. TUSIRUDISHE MINKISI KWA MULANGO WA NYUMA

Mwaka wa 1921, tangu tarehe 6 ya mwezi wa ine, Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi kule Nkamba, watu walitupa minkisi yao na kuacha wafumu. Hayo ni musingi wa kanisa letu, watoto wanafundishwa tangu shule ya siku ya Mungu. Sasa tujiulize: mutu aliyetupa nkisi, lakini kila ugonjwa ukifika anatafuta nani ni mulozi katika jamaa, ametupa nini? Ametupa kipande cha muti, akabaki na woga uliokuwa ndani yake.

Tena wengine wanasema: «Akiteseka muda mrefu hivi, ni lazima kuna zambi ao laana.» Ninyi Wakimbangu wa Lubumbashi mutasemaje hivyo? Ni hapa katika muji wetu, wakati ulipoitwa Elisabethville, Papa Simon Kimbangu alikaa kifungoni mpaka akafariki tarehe 12/10/1951. Miaka 30. Je, urefu wa mateso yake ulionyesha kwamba alikuwa na laana? Hapana. Basi urefu wa mateso ya mutoto pia hauonyeshi laana.

Tujue pia kwamba sheria ya inchi inakataza jambo hili. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto kwa bulozi. Na sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10/1/2009, katika kifungu cha 160, inaweka azabu ya kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na kulipa feza. Mukristo anapaswa kuheshimu sheria hii zaidi ya wengine, maana tunaamini kwamba mutoto ni zawadi ya Mungu.

V. MUNGU ALIMUTUNZA ELIA NAMNA GANI?

Turudi chini ya muti. Tufuate mupango wa Mungu mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa sababu mupango huo ni fundisho.

1. Usingizi na chakula. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimuacha Elia alale. Malaika alimugusa, akamwonyesha mukate wa moto na maji. Elia akala, akalala tena. Mara ya pili malaika akamupa chakula, akasema safari ni ndefu kwake. Angalia: hakumufungisha mutu aliyezimia na njaa. Waganga wanasema kijana wa sekondari anahitaji kulala saa 8 mpaka 10 kila usiku. Wazazi, tusiamushe mutoto mugonjwa saa tisa ya usiku kwa maombi. Tuamuke sisi, tumuombee akiwa amelala.

2. Kusikiliza. Kule Horebu Mungu alimuuliza Elia anafanya nini pale. Elia akalalamika. Mungu hakumukatiza. Nyuma ya upepo, tetemeko na moto, ikafika sauti ndogo ya upole, na Mungu akauliza swali lile lile mara ya pili, na Elia akarudilia maneno yale yale, na Mungu akamusikiliza tena. Sisi tunasikiliza mara ngapi? Mutoto akianza kusema, tunamujibu mbele hajamaliza. Na tusiogope kuuliza waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumutii mutoto wazo hilo. Kama analo, kunamufungulia mulango wa kulitoa.

3. Mwenzake. Elia alisema amebaki peke yake. Mungu alimuonyesha kwamba kuna watu 7.000 wasiopigia Baali magoti, na akamupa Elisha awe naye. Mutoto aliyelemewa asiachwe peke yake, zaidi sana akisema maneno ya kufa. Dada yake alale naye. Mwalimu aelezwe. Mwenzake wa kwaya afike kumutembelea, hata bila kusema mengi.

4. Kazi ya kadiri yake. Mungu alimurudisha Elia kazini, lakini nyuma ya kula, kulala na kusikilizwa. Sisi tunaanza na kazi: «Simama, soma!» Tunageuza mupango wa Mungu, kiisha tunashangaa kwamba hausaidii.

Na munganga je? Soma 2 Wafalme 20. Mufalme Hezekia alikuwa mugonjwa wa kufa. Aliomba, Mungu akasikia, akamuahidi kupona. Jambo lilikuwa limekwisha kukubaliwa mbinguni. Na hata hivyo nabii Isaya akaagiza walete matunda ya tini, wayaweke juu ya jipu. Nabii ndiye aliyeagiza dawa! Basi, wapendwa, mutu asituambie tuchague kati ya maombi na munganga. Tumupe mutoto maji ya Nkamba, tumuombee, na asubuhi tumupeleke kwa munganga. Na akipewa dawa, tusizikatize siku tunapoona anacheka. Munganga ndiye anayesema wakati wa kuziacha.

Hapa Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain cha Mafurere wa Charité, kwa magonjwa ya akili. Mafurere hao walianzisha vilevile kazi hiyo Bukavu (SOSAME) na Goma (Tulizo Letu). Anayekaa mbali aanze na kituo cha afya kilicho karibu naye, aseme mambo yote wazi, asiseme tu «kichwa kinauma».

VI. ALAMA ZA KUANGALIA

Siku mbili tatu za huzuni mbele ya mutihani si ugonjwa. Lakini mambo haya yakiendelea majuma mawili ao zaidi, tusingoje:

– halali, ao analala muchana wote;
– chakula kinamushinda;
– ameacha rafiki, kwaya, muchezo aliopenda;
– alama za masomo zimeanguka gafula;
– maumivu ya tumbo ao kichwa, na munganga haoni ugonjwa wa mwili;
– hasira isiyo na sababu, zaidi kwa vijana wanaume, ao kuanza kunywa pombe;
– anasema yeye ni mzigo, ao hana samani.

Lakini akisema anataka kufa, ao akianza kugawa vitu vyake kama anayeaga, tusingoje hata siku moja. Mutu akae naye, vitu vya hatari viondolewe nyumbani, na tumupeleke kwa munganga siku ile ile.

VII. NENO KWA WAALIMU NA KWA VIJANA

Waalimu na wakubwa wa masomo ya kanisa letu: Serikali ilipatana na makanisa juu ya masomo mwaka wa 1977, na sisi Wakimbangu tulikuwa kati yao. Watoto wale tumepewa tuwalinde. Feza ya masomo idaiwe kwa muzazi, si kwa mutoto mbele ya darasa. Neno «mupumbavu» lisisikiwe katika shule yenye jina la kanisa. Mwanafunzi aliyebadilika aitwe pembeni na aulizwe kwa upole.

Ninyi vijana: kama moyo umekuwa muzito hata unaona giza tu, hukukosa kitu mbele ya Mungu. Umegonjwa, ao umechoka kupita nguvu zako, vile Elia alivyochoka. Tafuta mutu mukubwa mumoja unayemutumaini: mama, yaya, mwalimu, mama-shemasi. Mwambie hata kwa neno moja. Asipokusikia, usinyamaze, mwambie wa pili. Mimi ni baba ambaye hakusikia mara ya kwanza. Mutoto wangu aliokoka kwa sababu alimwambia wa pili. Na kama ni rafiki yako aliyekuambia kwa siri kwamba anataka kufa, siri hiyo usiichunge. Heri akukasirikie akiwa hai.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA KATIKA VIKUNDI

1. Mungu alimufanyia Elia nini kwanza, na nini mwisho? Nyumbani kwetu tunafuata mupango gani?
2. Kwa nini Isaya aliagiza dawa wakati Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kumuponya Hezekia?
3. Kuna muzee ao mutoto katika jamaa yetu tuliyemuita mulozi? Tutaenda kwake siku gani?
4. Katika parokia yetu, ni nani kijana anaweza kumwendea bila woga? Tumuchague, na vijana wamujue.

KAZI YA JUMA HILI

Kila muzazi aketi na mutoto wake wa sekondari, mara moja, bila kuuliza juu ya alama. Amuulize tu: «Unalala vizuri? Kuna nini moyoni?» Kiisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho.

Kanisa letu lina maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Tumezoea kuwapa watoto wetu amri na kazi tangu asubuhi mpaka usiku. Upendo umewekwa wa kwanza, na waliouweka pale walikuwa na sababu.

Tuwaombee watoto wote wanaolala usiku wa leo uso ukitazama ukuta, na wazazi wao wafunguliwe masikio. Kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mutakatifu. Amina.